Kisu cha Kumi na Tatu

Hodan, aabo,

Salamu nilizokupa asubuhi uliziitikia ukiwa umeinamia sanduku lako, kwa hiyo naanza nazo upya hapa ambapo huwezi kunipa kisogo: amani iwe juu yako, mwanangu, na rehema zake Mola. Nakuita aabo kama nilivyokuita tangu siku uliyozaliwa, kwa desturi yetu ya baba kumwita mtoto kwa jina ambalo mtoto anamwitia yeye. Ulipokuwa mdogo uliniuliza ni nani kati yetu aliye aabo wa kweli. Nilicheka sana. Jana uliniuliza tena, kwa maneno mengine, na sikucheka.

"Kadhi wa Takaba ataniuliza kama nina baba," ulisema ukikunja shuka. "Nimwambie nini?"

Nikakujibu kwamba naenda kuwaangalia mbuzi. Mbuzi tuliwauza mwaka jana, Hodan. Nilisimama katika zizi tupu mpaka miguu ikaniuma, kisha nikarudi ndani kwa mlango wa nyuma.

Sasa ni baada ya Alasiri. Wewe na mama yako mmeenda sokoni kununua vitu vya safari ya kesho, wadogo zako wawili wako madrasa, na mimi nimekaa mbele ya kabati langu nikijaribu kukujibu kabla hamjarudi. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kisomali nimekisema maisha yangu yote bila mtu kunifundisha kukiandika. Kiswahili nilifundishwa kwa fimbo, na barua ya kirafiki ilikuwa na anwani upande wa kulia. Anwani nimeiacha. Unajua ninapokaa.

Mambo ya maji ya kunywa, ya kazi yako mpya ya uuguzi, na ya heshima kwa abti yako, ndugu wa mama yako utakayekaa kwake, mama yako ameshakuambia mara tatu, na leo jioni atakuambia mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu. Unakwenda kuolewa na Liban, mtoto wa Geedi mhunzi. Nimekataa kukuoza. Wewe umeamua kwenda kumwomba kadhi akuoze badala yangu, kwa sababu sheria inampa kadhi ruhusa hiyo pale baba anapokataa bila sababu. Na sababu sina. Nimeitafuta miezi minane, sina.

Basi niruhusu nianze na visu, kwa sababu ndiyo njia pekee ninayoijua ya kufika ninapotaka kufika.

Kabati hili unalijua. Wewe na mama yako mnaliita mke wa pili. Lina visu thelathini na kimoja, vyote vya mkanda, vya ubapa mmoja usiokunjwa, kama vile babu zetu walivyovaa kiunoni, na vyote vimetoka katika mikono ya mtu mmoja. Geedi nilimkuta Bura nilipokuwa kijana wa idara ya mifugo, nimetumwa kuchanja ng'ombe. Kazi zake za kila siku zilikuwa shoka na vyuma vya kutobolea ngozi. Visu alifua pale tu alipopata springi za lori zilizomridhisha. Lori moja lilimpa visu kumi, au ishirini na kitu, kulingana na hali ya springi, na zikiisha alisema toleo limefungwa. Ungemwahidi mbingu na ardhi, asingekufulia kimoja zaidi kwa chuma kingine na kukiita cha lori lile. Ndivyo sisi wachache wa Garissa tunaokusanya visu vyake, mimi, muuza nyama mmoja na karani mmoja mstaafu, tulivyovipa majina kwa malori.

Lile la kwanza ni Toleo la Lori la Maji. Gari lilianguka njiani, wenyewe wakaling'oa injini, Geedi akachukua springi. Siku ya kuzimisha chuma chekundu ndani ya mafuta ili kiwe kigumu, mafuta machafu ya injini aliyoyazoea yalikuwa yamemwishia, akatumia mafuta ya mkia wa kondoo. Mpaka leo ukishika ubapa wa kisu cha toleo lile ukaupasha moto kwa kiganja, unasikia harufu ya nyama kwa mbali. Mama yako anasema najidanganya. Muuza nyama anaisikia.

Kisha lipo Toleo la Kiangazi, visu tisa tu. Mwaka ule ngamia walikufa kama kuku, na Geedi akachonga mipini kwa mifupa ya miguu yao. Hakuiacha ikauke vya kutosha. Ilipokauka ilisinyaa, na mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini ukabaki unacheza. Visu vyote tisa vinatikisika. Mtu asiyejua hukiona kibovu. Sisi tunakiweka sikioni na kukitikisa, na kama hakitoi ule mlio mdogo mkavu, tunajua si cha toleo lile. Wewe mwenyewe ulikuwa ukikichukua changu na kukitikisa ukisema kina mtoto ndani.

Na lipo la Nusu Mwezi, ambalo liliniharibia usingizi miaka miwili. Alama ya Geedi ni nukta tatu chini ya mpini. Siku moja chuma chake cha kupigia alama kilivunjika ncha, nukta moja ikaanza kutoka kama mwezi mwandamo, naye hakuona mpaka alipofika kisu cha nane. Saba tayari vilikuwa na mwezi. Muuza nyama alipata kimoja, karani akapata viwili, mimi nilikuwa Banissa kwa chanjo nikakosa. Nilienda mpaka Bura kumsihi. Nilimwambia, "Geedi, chuma kile kilichovunjika bado unacho. Nipigie kimoja tu."

Alikuwa ameshika tupa, hakuinua kichwa. "Lile lilinitoka bila kujua," alisema. "Nikilifanya nikijua, nitakuwa nimekudanganya, na wewe utakuwa umenilipa nikudanganye."

Nilimkasirikia wiki nzima. Baadaye karani alikufa, Mungu amrehemu, na watoto wake wakanigawia kimoja. Ndicho kile chenye ala nyekundu. Ni kizuri, lakini sikupata raha niliyoitarajia, kwa sababu kila nikikishika naona ile tupa ikiendelea kwenda na kurudi bila mtu kunitazama.

Unaona nilivyo. Kosa la kisu nalijua kwa jina, nalitafuta kwa gari mpaka Bura, nalisimulia kwa wageni. Mimi ndiye mtu aliyetoa nusu ya maisha yake kupenda kilichoharibika kidogo. Sasa nikuambie la kikombe, kwa sababu najua hulisahau, na mimi nimejitia hamnazo miaka ishirini.

Watu wetu wana jina la kuwaita wahunzi. Sitaliandika. Chuma chao tunanunua, kisu chao tunachinjia hata mnyama wa Idd, swala tunaswali nao bega kwa bega, lakini hatuwaozi wala hatuoi kwao, na katika nyumba nyingi za ukoo wetu kuna kikombe chao, kimening'inia peke yake nje ya jiko. Chetu kilikuwa cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. Geedi alipoleta kisu nilimtandikia mkeka langoni, si ndani, na mama yako alimpelekea chai katika kikombe kile. Hakuna aliyewahi kunipa sababu. Nilikikuta kwa baba yangu, nikakihamishia kwangu kama nilivyohamisha vyungu na mikeka.

Ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa unacheza juani, ukaona kiu, ukakifikia kile kikombe na kuchota maji mtungini. Mimi nilikuwa langoni na Geedi, kisu kipya magotini. Nilikuja mbio. Nilikupokonya, nikakushika kidevu, nikakuosha mdomo kwa maji na sabuni, wewe ukilia. Ukaniuliza umefanya nini. Nikakuambia kikombe kina kutu.

"Hakina kutu, aabo," ulisema. "Nimekiangalia."

Geedi alikuwa bado langoni anafunga kiatu. Aliona yote. Alifunga kile kiatu muda mrefu sana, kisha akaaga kama kawaida. Toleo lililofuata aliniwekea kilicho bora kuliko vyote, nami nikakipokea nikaona ni haki yangu. Hodan, nimefanya makosa mengi ambayo nayaweza kuyasimulia nikicheka. Hili nikilikumbuka nasimama pale nilipo. Nilimwosha mtoto wangu mdomo mbele ya rafiki yangu.

Rafiki, ndiyo. Neno lenyewe nimelitumia leo mara ya kwanza. Siku nyingine nilimpa lifti kutoka Bura kuja mjini, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari, kijana wa bara, akafungua mfuko wake akakuta visu kumi na kimoja vimefungwa kwa magunia. Akatutazama.

"Mzee, hivi vyote ni vya vita gani?"

"Hii si ya fita, afande," Geedi akamwambia kwa Kiswahili chake. "Hii ya kuangalia tu. Kama bicha ya ukutani."

Askari akacheka mpaka akaegemea gari. Akakitoa kimoja, akakigeuza, akakisifu, akarudisha. Kisha akaniuliza mimi, "Na huyu mzee ni nani wako?" Nilikuwa nimekula kwa macho kazi za mtu yule kwa miaka kumi na tano. Nikasema, "Ni fundi tu." Njia nzima mpaka Garissa Geedi alinieleza habari za mkaa, upi unawaka taratibu na upi unaruka cheche. Hakubadilisha sauti. Kama angenitukana ningepona.

Sasa nafika siku yenyewe, ya miezi minane iliyopita. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango, kwa hiyo ulisikia, lakini hukuona.

Walikuja watano: Geedi, Liban, wazee wawili na sheikh. Upande wetu nilikuwa mimi, adeero yako Yusuf, kaka yangu, na wazee wa ukoo. Nilikuwa nimeshajua wanakuja kuomba nini. Liban tulimfahamu sote, tangu alipoanza kutuletea visu badala ya baba yake, macho ya mzee yalipoingia ukungu, na tangu alipopata kazi ya kufundisha hesabu Takaba. Yusuf alinitayarisha siku tatu kabla. Alisema nikiwapa binti, ndugu hawatakaa nami barazani tena, wadogo zako hawatachumbiwa na mtu wa maana, na siku nikifa nitazikwa na majirani. Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananieleza tu mambo yatakavyokuwa, kama mtu anayekueleza bei ya ngamia. Niliogopa. Nakuambia wazi, baba yako aliogopa.

Sheikh akaomba dua, wazee wakasema maneno ya kuomba. Ndipo Geedi akatoa gabaati, ile zawadi ya kufungua uchumba ambayo wenye binti wakiipokea wamekubali. Wengine huleta pesa au bunduki au shuka. Yeye alipapasa mkekani, akanipata mkono, akaniwekea kitu kilichofungwa kitambaa.

Nilikijua kwa uzito kabla ya kukifungua. Toleo lake la mwisho, alilofua akiwa haoni vizuri, lilikuwa na visu kumi na viwili. Sisi wakusanyaji tuliapa ni kumi na viwili. Vyote kumi na viwili mfereji ule unaopita katikati ya ubapa umeinama kushoto, kwa sababu jicho lake la kulia lilitangulia kufa. Hiki kilikuwa cha kumi na tatu. Mfereji wake unaanza kwenye mpini ukiinama kushoto kama nduguze, unakwenda hivyo mpaka katikati, kisha unanyooka. Unanyooka kabisa, mpaka ncha.

"Hapa mkono umebadilika," nilisema.

"Hapo nilishindwa," Geedi akajibu. "Hapo Liban akanishika."

Nikasahau nilipokuwa. Wallahi nilisahau. Nilimuuliza Liban alishika nyundo au alishika mkono wa baba yake. Akasema mkono. Nikamuuliza waliupasha ubapa moto mara ngapi baada ya pale, akasema mara mbili, na ya pili walikaribia kuuchoma. Nikauliza kwa nini hakusahihisha ile sehemu ya mwanzo wakati chuma bado chekundu, maana aliweza. Akasema, "Ile ni ya baba." Nilikigeuza, nikakinusa, nikakipitisha kwenye ukucha. Wazee wao wakaanza kutulia. Liban alianza kutabasamu. Nadhani nilizungumza naye nusu saa nzima, na katika nusu saa ile nilimpenda, Hodan, hilo nataka ulijue hata kama hutaki kujua lingine lolote.

Yusuf akakohoa.

Nikasema, "Binti yetu bado mdogo."

Una miaka ishirini na sita. Ulikuwa nyuma ya mlango na nilisikia kitu kikianguka huko, sijui ilikuwa sahani au ulikuwa wewe. Geedi alisimama, akanyoosha mkono akitafuta ukuta, na hakuna mtu wa upande wetu aliyemwonyesha mlango ulipo. Mimi pia sikumwonyesha. Nilikuwa nimeshika kisu.

Anayekataa hurudisha gabaati kabla wageni hawajavuka lango. Mtoto mdogo anajua hivyo. Wao hawakukiomba, kwa kuwa hakiombwi. Mimi sikukitoa. Yusuf aliniambia, "Kirudishe," nikamwambia nitakirudisha kesho. Kesho ile imeenda miezi minane. Nilimwambia Yusuf nimetuma mtu, nikamwambia mtu hakufika, nikamwambia barabara imefungwa na mafuriko. Mama yako aliponiuliza nilisema nataka kwanza kukipaka mafuta. Kila siku baada ya Alasiri nafungua kabati, nakitoa, naangalia pale mkono ulipobadilika, nakirudisha. Nilijiambia ni tamaa ya mkusanyaji. Nilijiona mwizi, na afadhali kujiona mwizi kuliko kuuliza kwa nini mikono yangu inakataa kukitoa.

Na miezi hiyo minane wewe hukunitukana, hukulia mbele yangu, hukuacha kunipikia. Uliacha tu kuniita aabo. Ulisema "baba yenu" kwa wadogo zako, na "mzee" kwa wageni. Ukipita ukumbini nikiwa na kisu mkononi ulitazama sakafu. Ndani ya nyumba hii nimekuwa mtu wa langoni, nakunywa chai yangu nikisikiliza ninyi mkicheka jikoni, na nimestahili. Lakini sitaweza, Hodan. Nimejaribu kufikiria kesho baada ya gari kuondoka, nikirudi na mama yako katika nyumba hii, na akili yangu inakataa kuingia. Ukifika kwa kadhi ukasema huna baba, kadhi ataandika hivyo, na itakuwa kweli, na nitakuwa nimekaa hapa na visu thelathini na kimoja ambavyo sitaki tena kuvitazama.

Sikuombi usiende. Sikuombi umwache Liban. Sijui hata ninaomba nini. Maji yamenifika shingoni na ninaandika kwa sababu nikinyamaza nitazama.

Adhana ya Magharibi inaanza, na nimesikia lango, mmerudi. Nakiweka kisu hiki ndani ya ala. Nitaswali, kisha nitaenda nacho kwa adeero yako, kabla moyo haujageuka. Nikirudi nitakuambia.

Nimerudi.

Yusuf nilimkuta barazani kwake na wazee wawili kati ya wale waliokaa siku ile. Walinikaribisha vizuri. Nilikitoa kisu, nikakiweka mkekani mbele yao.

"Alhamdulillahi," Yusuf akasema. "Umeamua kukirudisha."

"Sikirudishi."

"Una maana gani?"

"Nimekaa nacho miezi minane. Nimekipaka mafuta kwa mkono wangu. Gabaati iliyokaa kwa baba miezi minane imepokewa, na nyinyi mlikuwepo. Niambieni kama nimekosea desturi."

Mmoja wa wazee alikuna ndevu. Alikuwa mzee mwenye haki, hata kama hakupenda alichokisema. "Desturi ni hiyo," alisema. "Aliyekataa kwa mdomo akapokea kwa mkono, mkono ndio unaoshikwa."

"Ulituambia umetuma mtu," Yusuf akasema.

"Nilikudanganya, walaal. Nisamehe kwa hilo. Kwa lingine sikuombi msamaha. Naenda Takaba kumwoza binti yangu."

Yusuf amenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto, Hodan, alinivusha mto Tana maji yakimfika kifuani. Nilitamani anipige. Badala yake aligeuza kichwa kuelekea jikoni akaita, "Mleteeni mgeni chai." Kisha akaongeza, bila kupaza sauti, "Katika kile cha nje."

Mke wake alichelewa kutoka. Alitoka ameinamisha uso, na sinia ya glasi tatu za wenyewe, na kikombe kimoja cha bati. Chao kina ukingo mwekundu. Aliniwekea mbele yangu, pembeni ya mkeka.

Nilikichukua. Nilipokifikisha mdomoni nilijikuta nakiangalia ndani, kama mtoto wa miaka sita. Hakina kutu, aabo. Nilikunywa yote, polepole, na iliki na maziwa ya ngamia na sukari nyingi kama anavyopika shemeji yangu siku zote. Ilikuwa chai ileile. Miaka hamsini na minane nimeishi, na hilo sikulijua mpaka leo. Nikamshukuru, nikachukua kisu, nikaondoka. Hakuna aliyenisindikiza.

Sasa nimeketi tena hapa na sijui hata kama nimefanya jambo kwa wakati. Wadogo zako huenda wameumia kwa nililolifanya, na nitawaeleza mwenyewe. Geedi, ambaye sasa anakaa Takaba kwa mwanawe, huenda asiupokee mkono wangu, na hana deni la kuupokea. Nitakapofika nitamwomba aniruhusu nikae kwenye mkeka wake, langoni au ndani, atakaponiweka. Kile kikombe chetu nimekitoa msumarini. Kimo ndani ya mfuko wangu, na huko nitaomba chai kwa kikombe hicho, mpaka yeye mwenyewe aniambie basi. Kisu sikibebi, askari wa vizuizini hawatacheka kila mara. Kinabaki kwa mama yako, na mashahidi wa gabaati wanajua kiliko.

Wewe ndiye nisiyejua. Nimemaliza na Yusuf, na kadhi atafurahi kupunguziwa kazi, lakini wewe unaweza kusema nimechelewa, na utakuwa na haki. Kwa hiyo sitakuuliza kwa mdomo, nisije nikakulazimisha kunijibu kwa adabu. Barua hii naiweka juu ya sanduku lako. Baada ya Alfajiri nitakuwa nimekaa mlangoni, nimevaa viatu, mfuko pembeni. Usiseme kitu kama huwezi. Ukinipa sanduku lako nikubebee, nitajua.

Na ukilibeba mwenyewe ukanipita, nitajua pia, nami nitakuja nyuma yako vilevile, na gari la keshokutwa au kwa miguu. Kadhi akikuuliza kama una baba, usiseme huna. Mwambie yupo, ni mtu mzito wa kuelewa, na mwambie asubiri kidogo.

Aabo wako